Maumivu ya Nyonga: Askari Asiyafiche, Mkuu Asiyapuuze

Askari akijeruhiwa kwa risasi, kikosi kizima humshughulikia. Akishikwa na malaria, hupelekwa zahanati, hupewa dawa na siku za kupumzika, wala hapana amwulizaye kama kweli anaumwa. Lakini askari anayeumwa nyonga hana damu ya kuonyesha, hana homa ya kupimwa, wala hana uvimbe unaoonekana kwa macho. Ana maumivu tu ndani ya kinena, yanayomjia anapopanda lori, anapofunga kamba za buti, anapochuchumaa chooni au anapokaa tahiyatu msikitini. Kisha yanapungua akisimama na kutembea kidogo. Akisema, huenda akaitwa mtegaji. Basi hasemi. Hukaa nayo mwaka mmoja, miwili, mitano, na siku atakapofika kwa daktari, gegedu la nyonga huwa limekwisha kulika.

Tunaandika leo juu ya kipindi hicho kilicho kati ya maumivu ya kwanza na kulika kwa gegedu. Ni kipindi ambacho mengi yaweza kufanywa, tena kwa gharama ndogo, na ndicho kipindi ambacho majeshi na polisi, hapa kwetu na kwingineko, hukipoteza kwa kunyamaza. Tunawaelekea hasa askari wa vyeo vyote walioko Gitega na Muyinga, kwa kuwa milima wanayoipanda ni ya namna moja, na kwa kuwa Gitega ina kitu ambacho Muyinga haina, jambo tutakalolieleza hapo mbele.

Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho mviringo kama mpira, hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Vyote viwili, kichwa na kikombe, vimevikwa gegedu laini lenye kuteleza, na ukingo wa kikombe umezungushiwa pete ya gegedu gumu zaidi inayokishika kichwa kisichezecheze. Kiungo hiki ndicho kinachoubeba mwili mzima kila tunaponyanyua mguu wa pili. Hapa pana hesabu ambayo kila askari anapaswa kuijua. Wataalamu wa Berlin waliweka vyombo vya kupimia ndani ya nyonga bandia za wagonjwa wao, wakaona kwamba mtu anapotembea polepole, nguvu inayokandamiza nyonga hufikia kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Na anapojikwaa, nguvu hiyo yaweza kupita mara saba.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Unaposimama kwa mguu mmoja, uzito wa mwili uko mbali na kiungo, hali misuli ya ubavuni mwa nyonga inayozuia kiuno kisianguke iko karibu nacho. Ni kama mzani wenye mkono mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili: aliye kwenye mkono mfupi hana budi kuvuta kwa nguvu maradufu ili mzani ukae sawa. Nyonga ndiyo inayolipia mivutano yote miwili.

Chukua basi askari wa kilo 65. Akitembea mikono mitupu, nyonga yake hupokea kama kilo 160 kila hatua. Mpe shanta, silaha, kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, vyote vikiwa na kilo 25, na mzigo huo wa nyonga unafika kwenye kilo 225. Katika mwendo wa kilomita 20 atapiga hatua si chini ya 25,000, nusu yake kwa kila mguu. Tumehesabu njia ya tambarare, na njia ya tambarare katika nchi ya Gitega, iliyo juu ya mita 1,500, ni nadra kuiona.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu asibebe mzigo wake. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa kwa kukandamizwa na kuachiliwa, kama sifongo inavyonyonya maji. Kiungo kisichotumika hudhoofika. Watazameni wapiga ngoma wa Gishora, kilima kilicho karibu na mji wa Gitega, ambao sanaa yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Huruka juu, magoti yakiinuliwa kuelekea kifuani, huku wengine wakibeba ngoma nzito kichwani. Nyonga zao zinastahimili kwa sababu zilizoeshwa tangu utotoni, kidogo kidogo. Kuruta aliyetoka nyumbani juzi, akatiwa katika mchakamchaka wa kilomita 10 akiwa na shanta, hakupewa nafasi hiyo.

Ni vizuri pia tuijue hali yetu Waafrika. Madaktari waliowachunguza watu wa vijijini Afrika Kusini katika miaka ya 1970 waliona kwamba nyonga kulika kwa umri peke yake ni jambo adimu kwetu kuliko kwa watu wa Ulaya. Mwaka 2015 wengine waliandika juu ya Malawi, wakaihusisha desturi ya mama kumbeba mtoto mgongoni, miguu yake ikiwa imetanuka, na uchache wa watoto ambao nyonga zao hazikukaa sawasawa ndani ya kikombe. Bibi zetu na ingobyi zao hawakusubiri kuambiwa hivyo. Lakini maana ya habari hii njema ni kwamba nyonga ya kijana wa Burundi inapoharibika, mara nyingi pana sababu ya kutafutwa. Huenda kichwa cha mfupa kimekosa damu, kama inavyotokea kwa wenye selimundu, kwa walevi wa siku nyingi na kwa waliotumia sana dawa za kotizoni. Huenda ni kifua kikuu kilichoingia kwenye kiungo. Huenda ni ajali ya zamani, au umbo la mfupa ambalo si la mviringo kamili, likawa linagonga ukingo wa kikombe kila mtu anapokunja paja. Umbo hilo wengi wanalo na hawaumwi kamwe. Kwa wengine, hasa wanaokimbia na kuchuchumaa kila siku, ndilo linaloanzisha safari ya maumivu.

Ipo sababu moja ambayo jeshi lenyewe huizalisha, nayo yataka tuikalie kitako.

Mfupa ukichoshwa kuliko unavyoweza kujirekebisha, hupata ufa. Hauvunjiki kwa kishindo. Unapasuka polepole, kama ubao wa daraja unaopitiwa na malori mazito kila siku. Shingo ya mfupa wa paja, pale inapoungana na kichwa, ni mojawapo ya mahali pabaya sana pa kupata ufa huo, kwa maana ufa ukiachwa na shingo ikakatika, damu ya kichwa cha mfupa yaweza kukatika pia, na kijana wa miaka 20 akabaki na nyonga ya mzee. Jeshi la Finland lilikuwa na visa vya namna hii miongoni mwa kuruta wake. Mwaka 1986 likaanza kuwafundisha madaktari na wakufunzi wake kuzitambua dalili mapema na kumwondoa kuruta mazoezini mara anapolalamika maumivu ya kinena. Visa vya mfupa kukatika kabisa vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hawakuleta mashine ya ajabu. Waliwafundisha wakubwa kusikiliza.

Jeshi la Australia nalo liliona kwamba miongoni mwa kuruta wanawake, zaidi ya 11 katika kila 100 walikuwa wakipata ufa katika mifupa ya kiuno. Chanzo kilikuwa gwaride lenyewe: mwanamke mfupi alilazimishwa kupiga hatua ndefu sawa na mwanamume aliye mbele yake, saa nzima, wiki baada ya wiki. Wakabadili mambo machache. Mwendo wa kutembea ulipunguzwa kutoka kilomita saba na nusu kwa saa hadi tano, kila mmoja akaruhusiwa kupiga hatua yake mwenyewe, na safu zikaachana ili watu wasikanyagane. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba idadi hiyo ilishuka ikawa chini ya mmoja katika 100. Wanawake wamo leo katika jeshi letu na katika polisi yetu. Hatuoni sababu ya kungoja idadi kama ile ya kwanza ya Australia ndipo tuziangalie hatua zao.

Dalili za ufa ni hizi: maumivu ya ndani kabisa ya kinena yanayoanza mtu anapokimbia, yanayozidi kadiri anavyoendelea, na ambayo baada ya siku kadhaa humfuata hata kitandani usiku. Askari wa namna hii asipewe mazoezi yoyote ya nyonga. Wala asiambiwe arukeruke kwa mguu mmoja ili mkufunzi aone kama anasema kweli. Jaribio hilo laweza kuumaliza mfupa. Apewe magongo, asiukanyagie mguu huo, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Na yafaa ijulikane kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo yaweza isionyeshe ufa wowote, kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba mtu anatega. Hali kadhalika anayeumwa nyonga na ana homa, au anakonda, au alianguka hivi karibuni, au hawezi kabisa kuukanyagia mguu, huyo ni wa daktari kwanza. Na maumivu ya tako yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi mara nyingi hutoka mgongoni, ambako kuna matibabu yake.

Tukishawatenga hao, wanabaki walio wengi: wenye maumivu ya kinena au ubavu wa nyonga, mifupa yao mizima, gegedu lao bado lipo. Kwa hao tiba ya kwanza ni mazoezi yaliyopangwa. Si kulala, na si vidonge.

Tiba hii si ngeni kwa askari. Ling, Mswidi aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, alikuwa mwalimu wa upanga, na maofisa wa jeshi walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Katika siku zetu, hospitali moja ya jeshi la Marekani ilichukua wagonjwa 80, karibu wote askari walio kazini, wenye nyonga ya kugongana tuliyoieleza. Nusu walipangiwa operesheni ya kupitisha kamera kwenye kiungo, nusu wakapangiwa mazoezi chini ya mtaalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: baada ya miaka miwili makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa namna ya kuaminika. Ni lazima tuseme pia upande wa pili. Kama saba katika kila kumi wa kundi la mazoezi waliishia kufanyiwa operesheni, kwa hiyo ulinganifu wenyewe ulichafuka. Na huko Uingereza, uchunguzi wa wagonjwa 348 uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofanyiwa operesheni walikuwa na nafuu kubwa kidogo kuliko waliofanya mazoezi, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu. Sisi tunasoma habari hizi hivi: mazoezi huwasaidia wengi, hayawaponyi wote, na mtu hajui yuko upande gani mpaka ayafanye kwa ukamilifu. Wala hapana mtaalamu mwaminifu atakayeahidi kwamba mazoezi yatazuia kabisa gegedu lisilike. Ahadi iliyopo ni maumivu kupungua, misuli kuuchukua sehemu ya mzigo, na kazi kuendelea.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jumba wala vyuma vya kununua. La kwanza ni kulala chali, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini, kisha kuinua kiuno mpaka mwili unyooke tangu mabegani hadi magotini, kuhesabu mpaka tano na kushusha taratibu. Anayeliona hilo jepesi na alifanye kwa mguu mmoja. La pili ni kulala ubavu, mguu wenye maumivu ukiwa juu, kuuinua ukiwa umenyooka na umerudi nyuma kidogo. Hili ndilo linaloijenga ile misuli ya ubavuni inayoushika mzani. Kisha kuna kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akitazama kama kiuno kinaanguka upande wa pili, na kupanda na kushuka tofali moja, baadaye mawili, goti likielekea mbele wala lisiingie ndani. Mwisho, kuushikilia mwili kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu, kwa sababu tumbo na mgongo vikilegea nyonga haipati mahali pa kujiegemeza. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki, na kuwe na siku ya kupumzika katikati. Jambo hili ni la wiki 12. Wengi huacha katika wiki ya tatu, wakati misuli imeanza kuuma na nafuu bado haijaonekana. Mtaalamu mzuri humwonya mgonjwa wake juu ya wiki hiyo tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha kuongeza au kupunguza ni maumivu yenyewe. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayotulia kabla ya asubuhi ya pili, si hatari. Yakiamka nawe kesho yake yakiwa makali kuliko jana, umezidisha. Rudi hatua moja nyuma.

Katika wiki hizo kuna mambo ya kupunguza. Mbio zipungue, si lazima zife. Baiskeli, chombo ambacho kwetu hakikosekani, ni badala nzuri ya mbio, mradi kiti kiinuliwe ili paja lisikunjwe mno. Kuchuchumaa kwa kina na kukaa chini magoti yakiwa kifuani kuepukwe. Na ile desturi tuliyoizoea kabla ya mchakamchaka, ya askari wawili kuvutana miguu na kusukumana mapaja mpaka kifuani, haimfai mtu mwenye nyonga inayogongana. Kila msukumo ni kipigo kingine juu ya ukingo uleule.

Sasa tuje kwenye vidonge. Askari wengi wana diklofenaki mfukoni kama walivyo na kiberiti. Kidonge hicho kina kazi yake kwa siku chache, kwa kipimo alichotoa daktari. Kikimezwa kila asubuhi kabla ya mwendo ili maumivu yasisikike, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huumiza tumbo na figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo, na humwezesha kuendelea kukanyagia mfupa ambao huenda una ufa. Sindano za kotizoni zinazochomwa ovyo, bila uchunguzi, ni mbaya zaidi, kwa maana tumekwisha sema dawa za jamii hiyo zaweza kukifisha kichwa cha mfupa. Na operesheni ya kuweka nyonga bandia, ambayo Mwingereza Charnley aliifanya ikubalike tangu miaka ya 1960, ni baraka kwa mzee wa miaka 70. Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyonga bandia kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Atakayeiwekewa ana miaka 35 afanye hesabu yake mwenyewe.

Tumesema kwamba Gitega ina kitu ambacho Muyinga haina. Mjini Gitega kipo Kituo cha Taifa cha viungo bandia na tiba ya viungo, kinachojulikana kwa herufi za Kifaransa kama CNAR. Raia na askari wengi hukifikiria kuwa ni mahali pa waliokatwa miguu tu. Sivyo. Tiba ya mazoezi ni kazi yake pia, na wataalamu wake, wale wanaoitwa kine, wamesomea kazi ya kumtazama mtu anavyotembea na kusema ni msuli gani haufanyi kazi. Askari aliyeko Gitega hana udhuru, wala mkuu wake hana.

Aliyeko Muyinga, mji ambao tangu mwaka 2025 umo katika mkoa mpya wa Buhumuza, ana hospitali ya kumwona daktari na kupiga picha, lakini ili akifikie kituo kile lazima asafiri kupitia Karusi, kwenda na kurudi, juu ya kiti cha gari ambacho ndicho hasa kinachoichokoza nyonga. Polisi aliyeko mpakani Kobero, anayesimama juu ya sakafu ngumu akikagua malori yanayotoka Tanzania, yuko mbali zaidi. Kumwambia mtu huyu afike Gitega mara tatu kwa wiki ni mzaha. Lakini hahitaji kufika mara tatu. Waingereza tuliowataja waliwapa wagonjwa wao vikao 6 hadi 10 tu na mtaalamu, vilivyosambazwa katika miezi mitatu na zaidi. Kazi iliyobaki waliifanya wenyewe. Kinachotakiwa Muyinga ni safari moja ya kwanza ya kuchunguzwa na kufundishwa, nyingine za kukaguliwa, na katikati mtu wa kambini anayejua zoezi sahihi likoje.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kambi na kila kituo kikubwa cha polisi kichague sajenti mmoja, ikiwezekana mwalimu wa mazoezi ya viungo, apelekwe Gitega kwa muda mfupi ajifunze mazoezi ya nyonga, ya goti na ya mgongo, pamoja na dalili za hatari za kumpeleka mtu hospitali. Gharama yake ni nauli, chakula na malazi. Tunapendekeza pia cheti cha daktari kibadilike. Cheti kinachosema tu kwamba fulani apumzike siku saba humfanya askari alale kitandani wiki nzima, misuli ilegee, kisha arudi mbioni siku ya nane akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Kiandikwe kile anachoweza kufanya: asikimbie na asibebe shanta kwa wiki sita, lakini aendeshe baiskeli, ashike zamu ya ofisi au ya simu, afanye mazoezi yake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi wenzake wakiwa mchakamchaka. Polisi wa lindo apewe ruhusa ya kubadili mguu na kutembea hatua chache kila baada ya nusu saa. Hatujui sheria ya lindo inayovunjwa kwa kufanya hivyo.

Tunajua jibu la baadhi ya wakuu: nikimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi. Sote tuliopita katika shule za makadeti tumelisikia, na huko ndiko kuruta anakojifunza mapema kuyameza maumivu na kuita ujasiri. Lakini hoja yenyewe haisimami. Mtegaji hutafuta kitanda. Mpe wiki 12 za kuinua kiuno na kupanda tofali alfajiri mbele ya sajenti mwenye daftari, na kama hana maumivu ya kweli ataomba mwenyewe arudishwe kwenye mbio.

Lipo jambo zito kuliko hilo, na halisemwi hadharani. Tangu Desemba 2007, vikosi vyetu vilipokwenda Somalia kwa mara ya kwanza, mpaka mwisho wa mwaka 2024, ATMIS ilipofunga kazi, maelfu ya askari wa Burundi walitumikia huko, siku nzima ndani ya fulana za kuzuia risasi. Kwa baba mwenye watoto shuleni, safari moja ya namna hiyo ilikuwa nyumba ya matofali. Nani angejitokeza mbele ya daktari kusema nyonga yake inauma wakati majina yanaandikwa? Mtu alinyamaza, akaenda, akarudi akichechemea, na alipochechemea hakuna aliyekumbuka kuuliza maumivu yalianza lini. Safari za nje zitakuwapo tena, kama si Somalia basi kwingine. Iwapo kutaja maumivu kutaendelea kumaanisha jina kufutwa, hakuna sajenti wala kituo kitakachosaidia, kwa kuwa hakuna atakayekuja. Tunaomba Wizara ya Ulinzi na ile inayosimamia Polisi zitamke wazi, kwa waraka utakaosomwa katika magwaride, kwamba askari anayeripoti maumivu mapema na kumaliza wiki zake 12 atapimwa upya, na akionekana mzima jina lake litarudi mahali pake katika orodha, si mwisho wake.

Waraka huo ukiandikwa, uongezwe mstari kwa wale ambao tayari wanachechemea, wengi wao maofisa wadogo wa miaka arobaini na kitu. Nao mazoezi haya yanawafaa, hata kama gegedu limekwisha anza kulika, na wasione haya kushika fimbo. Ila waishike kwa mkono wa upande usiouma. Fimbo ikiwa upande wa pili wa mwili huupunguzia ule msuli wa ubavuni kazi ya kuvuta mzani, na nyonga inayouma hupata nafuu katika hatua ya kwanza tu.